Mzee wa Mbuzi, Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeanguka tena mtihani wa visa vya wagonjwa. Madam Ndunge amenirudishia karatasi mbele ya darasa zima, akasema najua vitabu vyote ila simjui mgonjwa. Hamdi akacheka. Hamdi hucheka kwa pua, na hapo ndipo huniudhi. Yeye amepita. Ati husoma kisa mara mbili na kujiuliza huyu mtu ana nini leo, na kipi kitamuua kwanza. Leo, leo! Kwani kesho hawezi kufa?

Narudia Ijumaa. Nikianguka, chuo basi, narudi Kyuso kupura ndengu za mjomba Ndolo. Na Mwaitu ashatangaza kanisani kwamba amezaa daktari! Nimemweleza mara ngapi kwamba nasomea uuguzi? Anasema Mungu anajua tofauti, majirani hawana haja ya kujua.

Sitaanguka. Naapa.

Jumanne, 4 Machi

Uvumbuzi! Nilikuwa wodi ya wanaume nikitandika vitanda. Pale mlangoni amelala fundi wa baiskeli kutoka Kwa Vonza, mguu umevunjika, halafu wiki iliyopita akaanza kukosa pumzi. Fundi wa baiskeli! Kwa Vonza! Si ndiye yule wa swali la pili lililoniangusha?

Kumbe Madam hatungi kitu. Anazunguka vitandani, anaficha jina la mgonjwa, anasahau kuficha kazi yake na kwao. Basi wengine wasome vitabu. Mimi nitakariri wagonjwa.

Hamdi sijamwambia. Ateseke na busara zake.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata Madam wodini nikiwa nimebeba beseni tupu ili nionekane nina kazi. Amesimama muda mrefu kwa Mzee Nyamai, mfugaji wa mbuzi wa kule kwetu Kyuso, kitanda cha dirishani. Ana kisukari. Alikuwa amedungwa insulini, chai ikachelewa, akaanza kutetemeka. Jasho tele, mwili baridi, akawa ananiita kwa jina la beberu wake. Hamdi akampima haraka: sukari imeshuka. Akapewa maji ya sukari. Muda si muda mzee akaketi na kuuliza mbona chakula hakiji.

Madam akatikisa kichwa, ameridhika. Swali ndilo hilo! Nimekariri: mzee wa mbuzi, Kyuso, maji ya sukari. Nimeiimba kama wimbo wa kwaya hadi Jonah, tunayekaa naye chumba kimoja, akachukua blanketi lake akahama.

Mzee amenipenda kwa sababu tunatoka upande mmoja. Ananiita daktari. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 6 Machi

Hamdi amekuja ati tusome pamoja. Amefunga Ramadhani, lakini ameniletea sambusa zilizobaki kwao jana baada ya futari. Nikazila mbele yake, nikakataa kusoma. Akaniuliza, kwa upole tu, nikimkuta mgonjwa yuleyule lakini dalili zimebadilika nitafanyaje. Nikamjibu kwamba mgonjwa si kinyonga. Akacheka kwa pua.

Wivu huo. Sambusa zilikuwa tamu, lakini.

Ijumaa, 7 Machi

Swali la kwanza: mzee mfugaji wa mbuzi kutoka Kyuso, mgonjwa wa kisukari! Nusura nipige vigelegele. Sikupoteza muda na mistari iliyobaki. Nikaandika apewe maji ya sukari upesi. Nikaona glasi moja haitoshi kupata alama zote, nikaongeza ya pili. Na biskuti.

Nimetoka wa kwanza. Hamdi alikuwa bado anasoma swali, maskini wa watu. Nimempigia Mwaitu aandae ushuhuda wa Jumapili.

Jumatatu, 10 Machi

Aiya. Aiya jamani.

Ile mistari iliyobaki ilisema mzee ana kiu isiyoisha, anakojoa kila saa, ngozi kavu, anahema kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana. Sukari ilikuwa juu! Juu kabisa! Madam ameandika kwa kalamu nyekundu: Umemuua. Chini yake: kwa glasi mbili. Chini zaidi: na biskuti.

Kumbe aliandika vile mzee alivyokuwa siku aliyoletwa hospitali. Nikalalamika kwamba huo ni mtego. Akasema mgonjwa ni yuleyule, hali ndiyo si ileile, na kazi yangu ni kumtazama.

Nimelia ofisini kwake. Machozi ya kweli. Mwaitu jana alisimama mbele ya kanisa lote akatoa ushuhuda, wakaimba. Nitamwambia nini? Madam akalainika. Amenipa nafasi ya mwisho kabisa: Ijumaa, mtihani wa kitandani, yeye mwenyewe akitazama. Mgonjwa ni Mzee Nyamai. Nikishindwa, nifunge sanduku.

Hamdi hakucheka. Ameniambia siku hiyo nimtazame tu mzee, nimguse, nimpime, niamue palepale. Kutocheka kwake kumeniuma kuliko kile kicheko.

Jumanne, 11 Machi

Nimetulia, nimefikiri, nimelijua kosa langu. Nilimkariri mgonjwa vizuri, halafu nikamwacha abadilike!

Hayatatokea tena. Leo nimeenda kitanda cha dirishani nikamwomba Mzee Nyamai, kwa heshima zote, abaki hivi hivi alivyo hadi Ijumaa. Asitetemeke, asishikwe na kiu, asihemeheme. Nimemweleza kwamba maisha yangu yako mikononi mwake.

Amefikiri kidogo, amekubali. Mzee muungwana sana! Ana sharti moja tu dogo: chakula cha wodi hakina ladha, kwa hiyo nimletee soda baridi kila jioni, sista wasione.

Nimetoka dukani sasa hivi. Niliona moja haitoshi, nikachukua mbili. Na biskuti.