Ubongo wa Mjomba na Kichwa Changu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Naapa kuandika yote humu, hata yanayoniaibisha. Ninaogopa. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa akisikia watu wakizungumza ndani ya ukuta. Mwaka jana ugonjwa wa mapafu ulimzidi, akafariki, na Bibi akaruhusu ubongo wake upelekwe maabara anakofanya kazi Mama Mdogo. Nyumbani wote husema nimechukua kicheko cha Mjomba na mkono wake wa kushoto. Binamu yangu, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, amesema leo mezani kwamba maradhi yale yakishaingia kwenye ukoo humtafuta anayefanana. Kisha akaomba chumvi.

Mpango: niingie maabara, niuone ubongo wa Mjomba, nijue kinachonisubiri.

Jumanne, tarehe 4

Nimemdanganya Mama Mdogo kwamba mwalimu wa sayansi ametutaka tueleze kazi ya jamaa zetu. Amefurahi mno, akaniazima koti lake jeupe. Dhamiri imenisuta. Koti nimelipokea.

Jumatano, tarehe 5

Nilitarajia ubongo ndani ya chupa. Nikakuta friza zinazonguruma na vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, vimebanwa kati ya vioo. Kwenye skrini ya hadubini vinaonekana kama nukta nyekundu na nukta za kijani. Zinapogusana, ndipo seli moja inapoipa nyingine habari. Hiyo ndiyo sinapsi. Wanazihesabu kwa waliougua maradhi ya akili na kwa wasiougua, wote marehemu, wajue kilichopungua.

Nikauliza, kama mtu asiye na haja, cha Mjomba ni kipi. Mama Mdogo akasema humo chumbani hakuna anayejua. Kila kipande kina namba tu, na majina yanakaa kwa mtu mwingine, ili jicho lisihesabu kile moyo unachotaka.

Alipokwenda kunawa mikono, nikamtafuta Mjomba mwenyewe. Nikamtambua papo hapo: picha ya pembeni, nukta chache, zimetawanyika kama mwandiko wake. Nikaichora harakaharaka.

Alhamisi, tarehe 6

Nimetega sikio ukutani. Ukuta ukasema! Ukasema bei ya saruji imepanda. Ilikuwa redio ya jirani, lakini kabla sijaitambua nilikuwa nimeshaanza kuwaaga watu moyoni.

Shuleni nimeandika kwa mkono wa kulia kutwa nzima. Mwalimu akauliza nani kaniumiza wa kushoto. Kucheka nimeacha. Bibi kanigusa paji la uso. Nimemwonyesha Profesa mchoro. Kautazama, kanipa pole, kauliza baiskeli yangu ataachiwa nani.

Ijumaa, tarehe 7

Mama Mdogo ameukuta mchoro mezani. Nimesema yote, hadi uongo wa mwalimu. Akauinua mchoro, akautazama. Kisha akasema picha ile ni ya ubongo wa panya. Huujaribia kwanza rangi zinazoonyesha nukta, kabla ya kugusa ubongo wa mtu.

Kumbe tangu juzi nimekuwa nikimwombolezea panya.

Nikamwomba basi anionyeshe kipande cha Mjomba. Akaketi kitandani kwangu.

"Mwanangu, hata kingekuwa chake, kisingesema neno juu yako. Kipande kimoja hakisemi kitu. Tunalinganisha watu wengi, na bado tunapapasa. Kaka yangu alianza kuogopa akiwa na umri wako, hakumwambia mtu. Wewe umeniambia. Ukiogopa tena njoo, hata kama niko bafuni."

Nikalia. Halafu lile la bafuni likanichekesha. Kicheko kikatoka chote, kile kile cha Mjomba. Jikoni Bibi akaacha kumenya viazi, akakisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeelewa kila kitu. Hofu ilipungua, ingawa asubuhi imerudi kidogo. Kosa langu lilikuwa kutegemea kipande kimoja: vinatakiwa vingi, tena vya watu tofauti! Na kungoja niwe marehemu ni kuchelewesha matokeo. Shajara naiacha wazi kwenye kiti cha Mama Mdogo, anijibu kabla ya chakula cha mchana:

Mama Mdogo, ukinichukulia kipande kidogo tu, ukubwa wa punje ya mchele, na kwa Profesa vitatu vya kulinganishia, tutakuwa tumepona kufikia Jumatatu, maana nina mtihani wa hesabu?