Laptop Niliyoitangaza Marehemu

Leo nimeaibika, jamani. Uso wangu nimeuacha dukani kwa Kamau. Naandika haraka kabla laini ya simu haijakatika, ili nyinyi wa Nairobi mlisikie kwangu, si kwa wambea.

Mnajua nachora picha za vitabu vya watoto. Mnajua pia nimewachosha na Linux, Linux, Linux. (Kuiona? Sijawahi. Niliisoma kwenye jarida, kwamba ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows.) Basi asubuhi nikaenda kwa Kamau, anayeuza kompyuta zilizotumika hapa Garissa. Nataka laptop yenye nguvu, ila nyembamba, maana nitaibeba kwenye malori hadi Buna nikawaonyeshe walimu michoro yangu. Nilimchukua Abti Hassan, mjomba wangu (kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti). Yeye hununua ng'ombe, na hajawahi kuuziwa mgonjwa.

Njia nzima nikamhubiria. Dukani nikawahubiria wateja. "Mimi sitaki Windows! Nataka Linux!"

Kamau akatoa mbili. Moja nene kama tofali. Nyingine, wallahi, nyembamba kama kitabu! Abti akaipima mkononi, akaifunua kama anayekagua meno.

"Hii mafuta hakuna," akasema, "lakini mifupa iko nzuri."

Kamau akaiwasha. Maandishi meupe yakashuka mbio, mstari baada ya mstari, kisha yakasimama. Kioo cheusi, herufi chache pale juu, basi.

Nikaruka. "Imekufa hii! Ina virusi! Kamau, unatuuzia maiti?"

"Dada, mwenyewe aliniachia ikiwa nzima!"

"Nzima gani? Picha ziko wapi?" Nikazidi kupaza sauti. (Watu walishajaa mlangoni. Nikadhani wananiunga mkono.)

Abti akavaa miwani, akainama. Akasoma polepole, kidole kwenye kioo: "Li... nu... ks." Akanigeukia. "Abti, si ndio hii jina umeimba toka asubuhi?"

Duka zima likaangua kicheko. Kamau alikaa chini, machozi yakimtoka. Mimi nikavuta ushungi mpaka puani.

Lakini nimeichukua! Kamau alimpigia simu yule mwenyewe wa awali, akatupatia neno la siri, picha zikatokea, na sasa hivi nimemaliza kuchora ngamia wangu wa kwanza. Ana miguu mitano, ila anapendeza. Buna watampenda.

Msicheke, tafadhali. Niambieni tu: hii kitu inazimwaje?