Moshi Sikioni

Jumatatu, 4 Juni 1956
Lusia, wewe! Tangu palizi hujakanyaga hapa Ilomba. Huko Iringa wamekufunga kamba? Utasoma humu yaliyonipata. Na usicheke mwandiko wa bibi yako. Herufi nilizipata kwenye mafundisho ya ubatizo, si shuleni.

Sikio la kulia limeziba, kama limekandikwa udongo. Na Jumapili kwaya ya huko kwenu inakuja kuimba nasi! Mwanzishaji wa nyimbo ni mimi, tangu kanisa likiwa la nyasi. Leo mazoezini nimeanzisha, wote wameshindwa kupokea. Sedekia, mwalimu wa kwaya, kasema nimeanzia juu ya paa. Damari, jirani yangu, naye wa kwaya, kasema yuko tayari kunisaidia. Kunisaidia! Yule haimbi, anakoroma.

Jumanne, 5 Juni
Nimepata akili. Marehemu babu yako alitoaje nyuki mzingani? Kwa moshi. Hakuwabembeleza. Uchafu wa sikio una ubishi kuliko nyuki? Nimechovya kitambaa kwenye nta, nikakisokota kiwe bomba. Kesho nawasha.

Jumatano, 6 Juni
Nimelala ubavu, nikachomeka, nikawasha. Kukavuma kama mzinga wenyewe! Dalili njema. Mara tone la moto, chwaa, ndani. Uwii! Kilemba kikashika moto, nikakizima kwenye maziwa ya mgando. Lakini ndani ya kipande kilichobaki: uchafu wa kahawia, tele! Nimewazungushia majirani wote. Damari kakataa kushika.

Sikio bado limeziba. Zaidi kidogo.

Alhamisi, 7 Juni
Anyitike, dresa wa zahanati, kaja mwenyewe. Kasema ule si uchafu wangu, ni nta na majivu ya kitambaa. Niwashe kingine kwenye kibuyu kitupu nione. Nikawasha palepale, nimwaibishe. Uchafu ule ule! Jamani, sikujua kibuyu changu kimeziba kiasi hicho.

Anyitike kashika kichwa. Kanisihi, bibi tafadhali, usitie tena kitu sikioni, moto wala njiti. Njoo nikudondoshee mafuta. Nikasema nitafikiri.

Ijumaa, 8 Juni
Nimefikiri. Nimewasha na la kushoto, yalingane. Sasa hata jogoo simsikii.

Jumapili, 10 Juni
Nimeanzisha wimbo. Nimeimba beti zote, macho nimefumba. Kufumbua, kanisa zima limekaa, mchungaji yuko katikati ya mahubiri. Kumbe Damari alikuwa akinivuta kanga muda wote. Mimi nikadhani wivu. Wimbo wa mwisho kaanzisha yeye. Nimeona midomo inafunguka, sauti hakuna. Nimelia, Lusia. Damari huyohuyo kanishika mkono hadi kwa Anyitike.

Jumamosi, 16 Juni
Baada ya mafuta kulainisha, Anyitike kachungulia kama ngoma ya sikio ni nzima, kisha kasukuma maji ya uvuguvugu. Likatoka bonge la nta ya nyuki, nyuzi za kitambaa zimo! Sauti ya kwanza kuisikia: Damari mlangoni, akiimba. Kweli anakoroma. Nimemkumbatia mpaka kaomba pumzi. Sedekia kanirudishia nafasi yangu.

Sasa Anyitike anajisifu na maji yake. Maji gani? Moshi ndio ulioilegeza, yeye kamalizia tu. Na Damari leo analalamika pua imeziba. Pua ina matundu mawili, nta ninayo.

Ukija, Lusia, leta kitambaa kizito cha pamba, na masikio usiyaguse njiani. Pitia nyuma ya zahanati, Anyitike asikuone.