Kilindoni Napita Tu

Jumapili, 12 Julai 2026. Kibiti.

Johari amepiga simu. Mwenyewe! Baada ya miezi saba! Niliiacha iite kidogo asidhani nilikuwa nimeikalia, ingawa nilikuwa nimeikalia. Kasema meneja wa hoteli anataka asaini mkataba mpya Ijumaa hii. Miaka miwili ya jikoni, huko huko Mafia. Hatasaini iwapo mimi, mumewe wa ndoa, nitakwenda kumchukua kabla jua la Ijumaa halijazama. Salamu hataki, vocha hataki. Niende kwa miguu yangu, nimwambie turudi nyumbani.

Nimelia kidogo. Vumbi nalo lilikuwapo.

Aliondoka kwa sababu ya kaa. Niliuza cherehani yake nikanunua kaa wa kunenepesha, biashara ya kisasa, tukawaweka kwenye vizimba ndani ya mikoko. Kaa wakalana. Aliyebaki alikuwa mnene kwelikweli, lakini Johari hakutaka kusikia.

Basi naenda. Ila siendi kama mtu aliyeuza cherehani ya mkewe. Naenda kama mgeni wa hoteli! Nitakaa barazani mbele ya bahari, nitaagiza chakula, nitaomba mpishi aitwe nimpongeze. Mpishi atatokea. Johari! Mpango hauna tundu hata moja.

Jumatatu, 13 Julai.

Nimeazima suti nyeupe kwa Abubakary fundi. Ni ya bwana harusi mmoja, haichukuliwi hadi mwisho wa mwezi. Koti refu, suruali fupi. Ukikunja magoti kidogo mambo yanakwenda.

Miraji jirani ananiudhi. Kila Alhamisi anapeleka mchele wa Chumbi kwenye hoteli ile ile, na kila akirudi ana habari. Johari kacheka, Johari kanawiri, Johari kauliza. Leo kasema niende naye, ataniingiza kwa mlango wa jikoni, dakika mbili niko mbele ya mke wangu. Nimemjibu kwamba mume haingizwi kwa mkewe pamoja na magunia. Kacheka. Ana meno mengi mno yule mtu.

Jioni nimepika wali, ukaungua. Johari angekuwapo angegombana na sufuria kwanza, halafu na mimi. Nimekula ukoko peke yangu. Namtaka mke wangu, sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Jumanne, 14 Julai. Kilindoni!

Bandarini Nyamisati boti ilingoja maji yajae, na mimi nikangoja nimesimama, suti isipate mikunjo. Nimesimama hadi kisiwani. Mama mmoja kanitapikia kiatu. Kimoja tu, alhamdulillahi.

Kilindoni ndio mji mkuu wa Mafia, lakini watalii hawana habari nao. Wanashuka na ndege, wanapakiwa garini, hao Utende kwenye hoteli za ufukweni. Nimewaona wakipita. Nimejifunza mwendo wao: shingo juu, husalimii mtu. Muuza samaki kaniuliza kama shingo inauma.

Utende ni mwendo wa bajaji tu. Ningeweza kufika leo leo. Lakini mgeni wa maana hafiki hotelini ananuka matapishi. Kesho.

Jumatano, 15 Julai.

Balaa! Nilisahau kabisa kwamba mama mkwe amerudi kuishi kwao Kilindoni. Nimemwona sokoni, Bi Mwamini mwenyewe, anachagua nazi. Mkwe akiingia mji wa wakwe anaanzia kwao. Anapiga hodi, anangoja, anaulizwa hali, anapikiwa. Mimi nimeshalala gesti usiku mzima! Nikienda leo ataniuliza jana nililala wapi. Nisipokwenda, mimi ni mtovu wa adabu. Nimeamua kutoonekana. Nikajificha nyuma ya magunia ya mkaa. Na suti nyeupe.

Siku nzima chumbani. Dirisha linatazama upande wa Utende. Johari yuko huko anakata vitunguu. Akikata vitunguu hufumba jicho moja. Miezi saba sijaliona jicho hilo.

Alhamisi, 16 Julai.

Nimefua suti. Mkaa haujatoka wote, na suti yenyewe haikauki. Siwezi kumtokea mke wangu nikichuruzika maji. Miraji amepita na magunia yake, akapunga mkono kwenye dirisha langu. Sikuitika. Mgeni wa hoteli hamjui Miraji.

Ijumaa, 17 Julai. (Naandika Jumamosi, ndani ya boti.)

Baada ya chai niliita bajaji ya Utende. Ilibaki nafasi moja nyuma. Nikatia mguu. Aliyekaa ndani ni Bi Mwamini! Mkwe na mama mkwe bega kwa bega, kila kona mnaegemeana, mpaka Utende? Kwetu hata njiani unampisha na macho unainamisha. Nikamwambia dereva nimesahau miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Nikaenda kwa miguu. Swala ya Ijumaa ikanipita, Mungu anisamehe. Katikati ya njia naiona bajaji ile ile inarudi kutoka Utende. Nikajitupa kichakani. Ikasimama. Sauti ya mwanamke ikaita Tamimu, Tamimu, Tamimu. Mama mkwe ananiita kwa jina! Kwa aibu nikazidi kuinama mpaka paji la uso likagusa mchanga. Bajaji ikaondoka. Nikajipongeza kwa kulinda heshima.

Getini askari kaniuliza nafuata nini. Nikasema nakagua vyumba. Akaniweka kwenye benchi hadi alasiri ikapita. Ujanja ukaniishia, nikasema kweli: mimi ni mume wa Johari wa jikoni. Akasimama kwa mshangao. Kasema mama yake Johari alikuja mchana kumwambia mumewe yuko mjini, na Johari akabeba begi lake, wakaondoka pamoja kumfuata huyo mume. Kaniuliza kwa nini sikusema mapema.

Nilikimbia. Kidogo nilikimbia, pengine pote nilijikokota. Gari la wafanyakazi likanipita likielekea hotelini, nikajibanza pembeni lisinitie vumbi.

Nilipiga hodi kwa mama mkwe magharibi. Hodi ya kwanza tangu nishuke kisiwani! Kanijibu nyuma ya mlango, kama inavyopasa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Kasema aliyeita pale barabarani ni Johari. Aliniona. Alimsimamisha dereva, akaniita mara tatu, akaona nazidi kuinama. Hata hivyo alikuja akakaa mlangoni na begi lake mpaka jua likazama. Gari la wafanyakazi lilipokuja, akapanda. Kwa saa hizi atakuwa ameshasaini. Kisha Bi Mwamini akaniuliza kama nimekula.

Nilisimama pale nje nikalia mpaka majirani wakafungua milango.

Jumanne, 21 Julai. Kibiti.

Nyumba yetu ina vyumba viwili, lakini siku hizi ni kubwa mno. Naingia huku, natokea kule, simkuti mtu.

Miraji karudi leo kutoka Mafia, kaleta maneno ya Johari. Amesaini. Lakini kasema hasira zimepungua, mapumziko yake ni Alhamisi. Nipande na Miraji, nishuke na magunia, nigonge mlango wa jikoni. Anataka kuniona tu, mengine tutazungumza. Nimemwambia Miraji arudie maneno yote mara nne. Anataka kuniona!

Nimekaa nikafikiri sana, na sasa kosa nimelijua. Kosa ni kupitia Kilindoni! Mji wote ule ni wakwe. Kwa hiyo nimempata mtu wa Maparoni, ana mtumbwi na mashine inayokaribia kutengemaa. Tutazunguka kwa baharini. Nitashukia ufukweni, mbele ya hoteli, watalii wote wakitazama. Kuogelea sijui, lakini nitakuwa nimekaa.

Nimemtuma Miraji amwambie Johari kwamba Alhamisi nina shughuli nzito. Avumilie mwezi mmoja, halafu kila asubuhi awe anatazama baharini. Safari hii lazima anione.