Kamati Mama na Mashine ya Manyamanyama

Wananchi wote walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichozungushwa mtaa wote wa Iringo, mjini Musoma, mpaka betri zikachoka, kwamba shida ya unga imekwisha. Unga wenyewe ulikuwa haujaonekana, lakini kamati ya kuushughulikia ilikuwa imeundwa, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mwaka huo, 1987, watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingiza mashine za kusaga, na wakubwa wakaona hatari mapema: je, mashine ikija halafu ikasaga ovyo? Ndipo ikazaliwa Kamati Mama ya Majaribio ya Mashine.

Katibu wake, Ndugu Alfonsi Magesa, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni, ndiye aliyeandika Mwongozo. Humo aliagiza kwamba Kamati Mama itazaa kamati ndogo, kila moja iende kujaribu mashine moja, na Mama hatafunga kikao mpaka watoto wote warudi na taarifa. Namna ya kuanza jaribio ilielezwa kurasa kwa kurasa. Kuhusu kulimaliza, Mwongozo ulisema tu kwamba jaribio litaendelea hadi udhaifu wa mashine utakapobainika. Alfonsi aliipenda sentensi ile kuliko watoto wake wa kuzaa.

Mtoto wa Butiama alirudi upesi, maana mashine ya huko ilikata mkanda siku ileile. Wa Bugwema naye alirudi, amejaa masizi. Wa Bunda hakurudi. Ikawa kila asubuhi Kamati Mama inakaa, inasoma ajenda ya kumsubiri mtoto, inakunywa chai, inaahirisha.

Badala ya mtoto akaja Mwamvita, mfanyabiashara wa Manyamanyama, hukohuko Bunda, mwenye mashine iliyokuwa ikijaribiwa.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba, Mama Omari. Mashine yako inaendeleaje na jaribio?"

"Ndo imenileta. Watu wako wanasagaga debe lilelile la Serikali. Likiisha wanalirudisha juu, wanasaga tena. Saa hizi limekuwa poda ya kujipaka! Majirani wamesimama na mihogo yao ya udaga, wanaambiwa mashine iko kwenye jaribio. Na dizeli ni yangu. Niliuza cherehani zangu zote nikaileta hii mashine toka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, pamoja na pipa la dizeli. Pipa likikauka, mimi nimekwisha."

"Na haijaonyesha udhaifu wowote?"

"Itauonyesha wapi? Ni mpya!"

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema Alfonsi kwa huruma ya kweli. "Ingeharibika hata kidogo, ungekuwa umesaidika."

"Si uwaambie tu waache?"

Alfonsi alishtuka. Neno hilo halikuwemo katika Mwongozo. Hata hivyo hakuwa mtu wa kushindwa. Papo hapo aliunda Kamati Ndogo ya Makatizo na Ukomo wa Muda, ambayo ilitoka kwenda kutafuta karatasi na haijaonekana tena. Kisha akapeleka Bunda simu ya maandishi: SIMAMENI. Jibu likaja kutoka kwa Clementi, kiongozi wa kamati ndogo ya Bunda: IMEPOKEWA. TUKO KATIKATI YA JARIBIO. TUTASIMAMA MARA LIKIISHA.

"Nidhamu hiyo!" Alfonsi aliwaambia wajumbe, machozi yakimlenga.

Lakini Mwamvita alibaki palepale kwenye benchi, hanyanyuki, kanga ameikaza kiunoni. Mwishowe Alfonsi akaona heri aende mwenyewe. Wakapanda Landrova.

Manyamanyama walimkuta Clementi na wenzake watatu uani kwa Mwamvita, kivulini pembeni ya mashine, matumbo yametangulia mbele, sahani ya sato ipo katikati.

"Karibu, Mzee!" Clementi alipiga kelele kuushinda mngurumo. "Mashine hii ni jeuri, lakini tutaipata tu."

"Zimeni," alisema Alfonsi.

Clementi alisimama kwa heshima zote. Kama Katibu amekuja kuamuru, alieleza, amri inapaswa kupigwa chapa, na taipureta iko Musoma. Kama amekuja kushuhudia, basi ashuhudie kwanza. Alfonsi alijua ibara hiyo kwa moyo. Angebishanaje na maandishi yake mwenyewe? Akaketi kushuhudia.

Majirani walikuwa wamekusanyika, na Alfonsi hakuwahi kuona watu wamekusanyika asiwahutubie. "Mama Omari, usituogope!" alisema. "Sisi si wakubwa. Sisi ni wageni wako, kama wageni wengine wowote. Tuchukulie hivyohivyo!"

Mwamvita aliinua uso. "Kama wageni wengine wowote?"

"Bila upendeleo!"

"Haya. Jamani, mmesikia?"

Majirani wakasema wamesikia, tena wakapiga makofi.

Siku hiyo aliletwa samaki, kesho yake kuku, na Alfonsi akaanza kuelewa kwa nini jaribio la Bunda lilihitaji utulivu. Alfajiri iliyofuata walitoka uani wakinawa nyuso na kungoja chai. Ukutani yalikuwa yameegemezwa majembe matano, yametiwa mipini mipya.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Mwamvita kwa adabu kubwa. "Hawa wengine nilikuwaga nawaogopa, nikajua ni Serikali. Wewe ndo umenifungua macho kwamba ni wageni. Shamba ndo lile. Magugu yamefika magotini."

Alfonsi alitazama huku na huku. Majirani wote walikuwepo, wengine na watoto mgongoni. Bunda mtu anaweza kukataa kura, kodi na hata sindano, lakini jembe la mwenyeji halikataliki. Wakayachukua.

Hawakumaliza hata tuta la kwanza, Clementi akatupa jembe chini. "Udhaifu umebainika!"

"Upi?" aliuliza Alfonsi, anahema.

"Mashine hii, Mzee, haiwezi kulima."

Wenzake walithibitisha kwa sauti moja. Alfonsi aliwaza ibara zote, hakuona ya kupinga. Taarifa iliandikwa juu ya mgongo wa mjumbe mmoja, Katibu akaitia sahihi kwa mkono wa matope, na mashine ikakabidhiwa. Mwamvita alichovya kijiti kwenye pipa, akakuta dizeli bado ipo ya kuanzia biashara. Alifurahi mpaka akalia, huku anamwaga beseni la kwanza la udaga wa majirani.

"Sasa turudi," alisema Alfonsi.

"Taarifa ipelekwe Iringo bila kuchelewa, kwa gari, pamoja na wote waliojaribu," Clementi alisoma ibara. "Wewe hukujaribu, Mzee. Wewe ulishuhudia."

Landrova ikaondoka, ikaacha vumbi na Katibu.

"Yule anayelima ni nani?" aliuliza mwanamke mmoja kwenye foleni ya mashine.

"Ndo Kamati Mama mwenyewe."

"Eh! Mbona watoto wamemkimbia?"

Jua lilipanda. Viganja vya Alfonsi vilitoka malengelenge, kalamu zake zikaanguka moja moja kwenye matuta. Mwishowe akajishusha, akauliza, "Mama Omari, nisimame lini?"

Mwamvita alinyoosha kidole. "Ukifika pale kwenye ua wa minyaa, inatosha. Nawa, uje ule ugali."

Alfonsi aliitazama minyaa. Katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumwonyesha mahali kazi inapoishia. Akatema mate viganjani, akainama, akalima kama mtu anayefukuzwa, na foleni ya udaga haijafika nusu, akaigusa minyaa kwa jembe.

"Kumbe Serikali ukiionyesha mwisho inafikaga," alisema yule mwanamke, akasogeza beseni lake mbele.