Tarehe Nzuri ya Mwalimu Nuanchan

Jumatatu, 2 Juni 2568, mwaka wa Buddha

Leo nimemweza Wanphen! Karani mzima wa hekalu, bado anaandika ubaoni ratiba ya kuchoma maiti. Kwa chaki! Mimi, msaidizi wake tu, nimeiingiza yote kwenye lahajedwali ya kompyuta. Akaniuliza, “Prayun, ubao umekukosea nini?” Nikaendelea kuchapa. Baba Mtawa Mkuu ataona mwenyewe, atanipa meza ya Wanphen, ile iliyo chini ya feni.

Jumanne, 3 Juni

Tarehe zilikuwa tarakimu kavu: 7/6. Marehemu Mwalimu Nuanchan, aliyenifundisha kusoma, aagwe kwa 7/6? Haiwezekani! Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha: jina la siku, jina la mwezi, mwaka wa Buddha. Rangi ya zambarau. Nilitazama mpaka machozi yakanilenga.

Binti yake Ratri hasemezani na kaka yake tangu shamba lilipouzwa. Akaniomba mimi nimwarifu. Nikaupiga picha ule mstari wa ratiba, nikamtumia kaka huyo, Kritsada, huko kiwandani Korea. Akajibu, “Asante, Mjomba. Nimepata ruhusa. Nitakuja kumuaga Mama.”

Jumamosi, 7 Juni

Ee mama yangu.

Watu wamejaa, maua yamegawiwa, watawa wameketi. Kritsada hayupo. Ratri kasimama getini na nguo yake nyeusi, jua linamchoma. Nikapiga simu.

“Mjomba, si uliniandikia Jumapili, sita Julai? Tiketi yangu ni ya mwezi ujao!”

Nikakimbilia kompyuta. Kweli. Mimi niliandika siku kwanza, kompyuta ikasoma mwezi kwanza. Saba Juni ikawa sita Julai. Kwa zambarau!

Baba Mtawa Mkuu akasema wageni wametoka mbali, uamuzi ni wa binti. Ratri alilia sana. Kisha akasema, “Endeleeni.” Jeneza likafunguliwa, uso ukaoshwa kwa maji ya dafu, kama ilivyo desturi. Nikainua simu. Kritsada yuko kwenye video.

“Kaka, unamwona?” Ratri akauliza.

“Namwona. Hapo kwenye nywele, maji yamebaki. Mpanguse, mdogo wangu.”

Akampangusa. Taratibu, kama mtoto aliyelala.

Wanphen aliniletea maji ya kunywa. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 11 Juni

Kritsada amefika. Mifupa imeshaokotwa kutoka kwenye majivu. Alikaa na dada yake jikoni, uji wa mchele ukapoa mbele yao. Kisha akaniunganishia viganja kwa heshima, akanishukuru kwa kumshikia simu. Nikakohoa.

Nimeketi peke yangu mbele ya kompyuta, nimelia, halafu nimeelewa. Taabu yote imeletwa na miezi! Nimeifuta katika ratiba nzima, na tarehe pia. Sasa inaonekana siku ya juma peke yake, kwa herufi za dhahabu. Jumapili haina namna ya kukosewa. Nimeshawatumia wafiwa wote.

Wanphen akijua atakufa kwa wivu.