Keki ya Matufaha na Solo ya Besi

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeamua! Jumapili ya Mavuno nitapeleka kanisani keki ya matufaha yenye viungo. Nitaioka mwenyewe, mimi Mwanzia, karani mstaafu wa reli. Kila mwaka kwenye mnada wa siku hiyo watu hugombania keki ya Benta, jirani yetu hapa Makongeni. Keki kavu isiyo na tunda hata moja! Leo kwenye mazoezi ya kwaya nikasema yangu itaishinda kwa bei. Mumewe, Odero, akacheka mpaka akakohoa. Besi mwenzangu huyo, na anainyemelea solo yangu miaka mingi. Nikapandwa na hasira. Nikaapa mbele ya wote kwamba nikishindwa, solo ya Krismasi aimbe yeye.

Kavinya, mke wangu, akauliza kama nimewahi kuoka hata kiazi. Mwanamke wa imani haba. Lakini solo hiyo nimeishika tangu enzi za kinanda cha kukanyaga. Nikiipoteza, mimi ni mzee wa kugawa vitabu vya nyimbo tu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Matufaha nimechagua mwenyewe. Niliyagonga moja moja, kama tikiti. Muuzaji akaniomba niache kumuumizia mali. Binti yetu Mbinya alinipa maelezo kwa simu kutoka Komarock: unga, mayai, siagi, na kijiko kimoja cha masala ya chai. Kijiko kimoja! Watoto wa siku hizi na uchoyo. Nikaenda kioski cha Thuo, nikaitisha pakiti nzima ya masala. Akauliza masala ya nini. Nikamwambia auze, maswali awaachie mahakimu. Masala ni masala. Akanipa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Leo nimeoka! Sufuria kubwa jikoni, mchanga chini, sufuria ya keki ndani, makaa juu ya kifuniko. Sikubanduka.

Harufu ilienea ploti nzima. Wa kwanza kufika ni Nasambu wa chumba cha kona, na sahani mkononi. Akanipa hongera, akauliza kama wageni wa posa ya Mbinya wameshaingia. Kisha watoto, kila mmoja na kijiko chake. Odero naye akaja amevaa shati safi! Akauliza kama mchele umeiva. Mchele! Wivu umemvuruga akili, masikini.

Kavinya akanusa, akaokota pakiti kwenye taka, akaisoma. Akaketi chini akacheka mpaka machozi. Akaniambia tu kesho kanisani nisikae karibu naye.

Jumapili, 12 Oktoba
Ole wangu. Bwire, mpiga mnada, alifunua keki, akanusa, akauliza nani ameleta chakula cha mchungaji huku mbele. Watu wakapewa vipande vya kuonja. Shemasi mmoja akawa anatafuta nyama. Kisha Bwire akaita bei. Hakuna aliyeinua mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Mkono ukainuka. Benta! Aliinunua peke yake, kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kukosa mnunuzi. Wakati wa chakula akaikata, akaipakua na kachumbari. Ikaisha! Odero alilamba vidole. Keki ya Benta, iliyouzwa ghali, ilibaki karibu nzima. Kwa hiyo nani mshindi? Kiongozi wa kwaya akasema mnada ni mnada. Kavinya ndipo akanionyesha pakiti. Masala ya pilau. Lawama zote ni za Thuo, aliyeacha kuuliza upesi hivyo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Odero ameimba solo yangu mazoezini. Ameimba vizuri, shenzi yule. Mimi nikagawa vitabu vya nyimbo.

Lakini Mkamba halali chini! Nilisimama nikatangaza: watu wamependa mkono wangu, basi kwaya nzima nitaipikia pilau. Wakilamba sahani, solo inarudi kwangu. Wakibakisha, naacha kwaya kabisa. Odero akanipa mkono kabla sijamaliza kusema.

Mbinya amenihurumia, amekuja jioni na pakiti ya ile masala ya chai aliyoniambia tangu mwanzo. Kavinya anasisitiza nipite kwa Thuo nikanunue nyingine ya pilau. Ya nini? Hii iko kabatini, imejaa, haijafunguliwa.

Masala ni masala.